Kumi ya nani? Taiming kwenye injini iliyobadilishwa kontrol boksi

Ukibadilisha kontrol boksi ya gari, yaani kompyuta inayoendesha injini, swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu ni "imewaka?", na ikiwaka basi watu wanafunga boneti, wanapeana mikono, kazi imeisha. Mimi siku hizi kuwaka hakunishtui kabisa. Injini ya petroli inawaka hata taiming, yaani wakati cheche inapotoka ukilinganisha na pistoni ilipo, ikiwa nje ya sehemu yake kwa digrii nyingi tu, inawaka, inakaa sailensa (inanguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), inatembea vizuri barabara ikiwa tambarare, na hapo ndo inapokuchezea akili kwa sababu uharibifu unakuja taratibu huku wewe unasingizia radieta, unasingizia pampu ya mafuta, unasingizia gia boksi.

Gari ninayoizungumzia ilinifikia ikiwa tayari imeshafanyiwa hiyo operesheni. Injini 4A-FE ya Toyota, silinda nne, ya distribyuta (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda), na kontrol boksi iliyokuwemo haikuwa yake, ilitolewa kwenye injini ndugu yake halafu waya zikaungwaungwa kufuata soketi mpya. Malalamiko yalikuwa ni kwamba haivuti, ukiikanyagia mafuta inaitikia shingo upande, mshale wa temperecha unapanda ikiwa na mzigo, mafuta inakunywa kweli kweli, na usiku ukifungua boneti baada ya kupanda mlima unakuta ekzosi manifoldi imeiva wekundu unaouona kwa macho. Aliyewahi kuhangaika na taiming anaijua picha hiyo, ni cheche iliyochelewa. Moto unachelewa kuiva, pistoni inakuwa imeshashuka mbali, kwa hiyo badala ya kuisukuma unamalizia kuungua ukiwa unatoka kwenye valvu, nguvu ambayo ilikuwa yako inaenda kupasha moto chuma.

Shida ni kwamba taiming ilikuwa imeshapimwa. Taa ya taiming, ile inayomulika puli ya krenki kila cheche ya silinda ya kwanza inapotoka, inasoma 10 kabla ya topu, yaani digrii 10 za krenki kabla pistoni haijafika juu kabisa, na kitabu cha injini hiyo kinasema 10 kabla ya topu, sasa unabisha nini? Kila aliyeishika alisema taiming iko sawa tafuta kwingine. Na kweli hata mimi nilipowasha taa nikaona alama ya puli imekaa kwenye 10. Yaani imekaa kwa kukadiria, maana ilikuwa inachezacheza, mara 8, mara 12, inarudi 10, inaondoka tena. Huko kuchezacheza ndiko kulikonikwamisha. Taiming ya msingi haichezi. Ikicheza maana yake kuna mtu anaichezesha, na ndani ya injini hiyo wa kwanza kushukiwa ni kontrol boksi. Kwa hiyo swali likawa, hii 10 ni ya nani, ya distribyuta au ya kompyuta?

Hapa inabidi nieleze kidogo maana ndo panapowapoteza wengi. Kwenye hizi injini za distribyuta inayosimamiwa na kompyuta kuna taiming ya msingi, ambayo unaiweka wewe kwa mkono kwa kuzungusha distribyuta, na juu yake kuna advansi, yaani digrii za kuwahisha cheche, ambazo kompyuta inaongeza yenyewe kwa kuangalia mizunguko, mzigo, joto la maji na kadhalika. Kompyuta haina jicho la kuona pistoni. Inachojua ni meno yanayopita mbele ya sensa ndani ya distribyuta, na imeandikwa kiwandani kwamba jino likipita hapa basi pistoni iko digrii kadhaa kabla ya topu. Ukiihamisha distribyuta kompyuta haina habari, itaendelea kuamini iko palepale na hesabu zake zote za advansi zitasogea na huo uongo, kuanzia sailensa mpaka mizunguko 6000.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka njia ya kuifunga kompyuta mdomo kwanza. Toyota za namna hii unafungua kile kiboksi cha diagnosi kwenye boneti, unachukua kipande cha waya unaunganisha matundu ya TE1 na E1, kwenye za zamani zaidi ni T na E1, na kompyuta inaacha kuongeza chochote, inabaki 10 tupu. Honda nyingi za miaka ya 90 za distribyuta, zile D na B, kuna soketi ndogo ya waya mbili unaibriji (unaiunganisha kwa waya) halafu unatafuta 16 kabla ya topu, alama nyekundu ya puli. Sasa angalia jambo moja: hiyo namba ni ya kompyuta kuliko ilivyo ya injini. Kompyuta ndiyo iliyoandikiwa kwamba msingi ni 10 au 15 au 16 na ramani yake yote, yaani jedwali lake la advansi, imejengwa juu ya hapo. Kwa hiyo ukiweka kontrol boksi ngeni unafuata namba ya kontrol boksi na njia ya kuifunga ya kontrol boksi, kitabu cha injini ulichokizoea unakiweka pembeni kidogo.

Nikabriji TE1 na E1. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kublinki, kwa hiyo kompyuta imesikia. Nikapiga taa kwenye puli. Hakuna kilichobadilika, alama inacheza vilevile.

Kumbe kubriji peke yake hakutoshi. Kompyuta hizi zinakubali kufunga taiming pale tu zinapoamini umeachia mafuta kabisa, na zinaamini hivyo kupitia waya mmoja unaotoka kwenye sensa ya throtoli (mlango wa hewa ya injini) unaoitwa IDL, ambao ni swichi tu, throtoli ikifunga inaunganika, ukigusa mafuta inaachia. IDL isipofika kwenye kompyuta, kwake wewe muda wote umekanyaga mafuta kidogo, kwa hiyo inatumia ramani ya kawaida na inaongeza advansi bila kujali umebriji au hujabriji. Nilipima na multimita kati ya IDL na E2, yaani ardhi ya sensa, kwenye sensa yenyewe, throtoli imefungwa inapiga mlio, nikiweka fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kwenye kistopa cha throtoli inaachia, sensa nzima kabisa. Nikahamia upande wa kompyuta, kimya. Kufuata ule waya nikaukuta nyuma ya dashibodi umefungwa tepu nyeusi vizuri umelazwa pembeni, kwa sababu pini ya IDL kwenye kontrol boksi mpya haiko mahali ilipokuwa kwenye ya zamani, na aliyeunga alihamisha waya zote zinazofanya gari iwake, huu haufanyi gari iwake, akauacha. Ushahidi mwingine ulikuwepo muda wote kama ningeujali: ukiachia mafuta kwenye mteremko gari ilikuwa haikati petroli, maana hata kukata petroli kunategemea huo huo waya.

Nikaunga, nikawasha, nikasubiri ipate moto wake kamili feni iwake na kuzima, AC imezimwa, taa zimezimwa. Nikabriji. Hapo hapo mlio wa injini ukashuka, na kwenye puli alama ikatulia tuli. Ila haikutulia kwenye 10, ilitulia ng'ambo ya topu, kama digrii 3 baada ya topu. Ndo hesabu ikakaa sawa. Aliyeiweka alizungusha distribyuta mpaka jumla isome 10 wakati kompyuta yenyewe inaongeza kama 13 kichinichini, kwa hiyo kila sehemu ya ramani gari ilikuwa inapungukiwa hizo 13. Na wala simlaumu sana, taa ilimwambia 10, kitabu kilimwambia 10.

Nikalegeza bolti za distribyuta nikaizungusha kinyume na rota (mkono unaozunguka ndani yake) inavyozunguka, huko ndiko kuwahisha. Ujue distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki shafti, kwa hiyo ukiisogeza digrii 1, kwenye krenki umesogeza 2, ndo maana inaonekana ina kiherehere ukiigusa kidogo tu alama inaruka. Na ukishaipata usifurahi, kaza bolti kisha pima tena, kwa sababu wakati wa kukaza inasogea. Halafu toa kile kipande cha waya uangalie, alama sasa inatakiwa ipande juu zaidi ya 10 na ianze kuchezacheza, na safari hii kucheza ni halali, kompyuta inatumia cheche kusawazisha sailensa. Gari ilibadilika, manifoldi ikaacha kuiva.

Hapo kuna wazee wa kutega sikio. Anakuambia mimi taa sihitaji, nazungusha distribyuta mpaka injini ipige kwa raha, nairudisha kidogo, basi. Kwenye kabureta na distribyuta ya springi na vakyumu nilikuwa nawaheshimu na bado nawaheshimu, sikio linakufikisha karibu. Kwenye injini yenye kompyuta sikio halina kazi, kwa sababu wewe ukiwahisha cheche mizunguko inataka kupanda, kompyuta inaona imepanda inafunga hewa ya sailensa au inarudisha cheche nyuma, mizunguko inarudi palepale. Wewe unasikia injini imetulia unadhani umepata, kumbe unapigana na mtu mvumilivu kuliko wewe.

Jambo lingine ambalo sikuliamini mpaka nilipoliona ni puli yenyewe kusema uongo. Puli nyingi za krenki ni vipande viwili, kitovu cha ndani na duara la nje, katikati kuna mpira. Mpira ukizeeka duara la nje linateleza taratibu, na alama iko kwenye duara la nje. Unaweza kuweka 10 nzuri ya taa huku ukweli ni 4 au 18. Njia ya kuthibitisha ni kutoa plagi zote, kukata umeme wa koili, kisha kwenye silinda namba moja unafunga kistopa, yaani plagi ya zamani iliyotobolewa ikatiwa bolti ya kichwa butu, inayomzuia pistoni asifike juu. Unazungusha krenki kwa spana na mkono, taratibu, mpaka pistoni aguse, unaweka alama kwenye puli. Unarudisha upande wa pili mpaka aguse tena, alama ya pili. Topu halisi ni katikati ya alama hizo mbili, hakuna ubishi. Ile ya kuingiza bisibisi na kuangalia inapofika juu inakupa makadirio tu, kwa sababu pistoni ikikaribia topu krenki inazunguka digrii kadhaa bisibisi haijasogea hata kidogo, na matundu ya plagi mengine yamelala, bisibisi inabanwa. Staata usiiguse kabisa wakati kistopa kimo.

Taiming belti nayo, ile inayounganisha krenki na kemshafti. Distribyuta ya hii injini inaendeshwa na kemshafti, shafti inayofungua valvu, sasa belti ikiwa imeruka jino distribyuta imeruka nayo, na wewe ukizungusha distribyuta unairudisha cheche mahali pake huku valvu zimebaki kwenye makosa yao. Gia ya kemshafti yenye meno 40, jino moja ni digrii 9 za kemshafti, yaani 18 za krenki. Ukiona distribyuta imefika mwisho wa tundu lake la bolti na bado hujapata 10, acha kuchonga tundu liwe refu, fungua kava la belti.

Baadaye kwenye injini hiyohiyo nikahamia kontrol boksi ya kuprogramu, zile za kuunganisha laptop, na nikafunga gurudumu la meno kwenye krenki, 36 kutoa 1, yaani nafasi 36 za meno na jino moja limeondolewa. Nilidhani sasa mambo ya kubriji waya yameisha, nitaandika 10 kwenye laptop na itakuwa 10. Laptop inaonyesha 10 kwa sababu umeiandikia 10, hicho ni kitu inachoagiza, haijaona kitu. Swali ni lilelile, ila sasa kufunga ni kwa kuweka tiki kwenye taiming isiyobadilika, na kilichochukua nafasi ya kuzungusha distribyuta ni namba moja inayoitwa pembe ya jino la kwanza. Taa ikisoma 22 na laptop inasema 10, unasogeza hiyo pembe mpaka puli ikubaliane na laptop. Ukikosa kwa 10 kamili au 20 kamili, karibu hakika umehesabu jino vibaya, maana kwenye gurudumu la 36 kila jino ni digrii 10, na kwenye la 60 kutoa 2 ni digrii 6.

Ukishapata kwenye sailensa hujamaliza, na hapa ndo napenda kuwasisitizia watu. Acha taiming ikiwa imefungwa, piga resi taratibu mpaka 3000, 4000, huku taa imeelekezwa kwenye puli. Alama isisogee. Hesabu yake ni hii: kwenye mizunguko 800 krenki inapita digrii 4.8 kwa kila milisekunde, kwenye 6000 inapita 36. Kwa hiyo ucheleweshaji mdogo wa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, sailensa ni nusu digrii hata huioni, kwenye 6000 ni 3.6. Alama ikirudi nyuma taratibu kadiri unavyopiga resi, kwenye programu kuna sehemu ya kufidia huo ucheleweshaji. Ikiwa inaruka au inakimbia kwa kasi, angalia sensa ya krenki kama waya zake mbili hazijageuzwa, ile ya sumaku ukigeuza waya inasoma upande usio wa jino.

Na kuna kosa baya kuliko yote, la koili kugeuzwa. Koili inatoa cheche pale umeme unapokatwa, si pale unapowekwa. Ukichagua vibaya kwenye programu, cheche inatoka mwanzo wa kuchaji badala ya mwisho. Kuchaji kwa milisekunde 3 ni digrii 14 na ushee kwenye 800, ila kwenye 3000 ni digrii 54. Injini itawaka, itapigapiga staata kinyumenyume, na huku koili na ignaita (kifaa kinachoikatia koili umeme) vinapata moto hata gari ikiwa imesimama kwa sababu umeme haukatwi. Gusa koili baada ya kuwasha swichi bila kuwasha injini, ikiwa na joto, zima haraka.

Taa nayo ina mambo yake. Zile zenye kitufe cha kuzungusha digrii, ukizitumia kwenye mfumo wa koili moja kwa silinda mbili, cheche inatoka mara mbili kwa mzunguko mzima wa injini, yaani krenki ikizunguka mara mbili, na taa inakuonyesha namba mara mbili, 10 inakuwa 20. Weka kitufe kwenye sifuri usome alama za puli zenyewe. Na kama umebakiza distribyuta kwa kazi ya kugawa cheche tu, huku meno yako kwenye krenki, elewa kwamba kuizungusha sasa hakubadilishi taiming hata digrii moja, kunabadilisha rota inatazama wapi cheche inapotoka. Iweke rota itazame nguzo ya kofia ya distribyuta katikati ya advansi unayotumia, la sivyo ikiwa na mzigo cheche inarukia nguzo ya jirani na utatafuta misi, yaani silinda isiyochoma, mpaka uchoke.

Mwisho ni knoku sensa, ile inayosikiliza injini ikigonga, hii inawapata sana wanaochukua kontrol boksi ya injini ya ukubwa mwingine. Mlio wa kugongagonga kwa taiming una toni yake, na toni inafuata upana wa silinda. Silinda ya milimita 81 kama ya 4A ni karibu kilohezi 7, ikiwa pana zaidi toni inashuka. Kompyuta imechongwa masikio kwa injini yake ya asili, ya kwako inaweza isiisikie kabisa, au ikasikia kelele za valvu ikadhani ni kugonga ikarudisha cheche nyuma muda wote. Kwenye gari kama hiyo mi siitegemei sensa. Nikishathibitisha msingi napunguza digrii chache kwenye sehemu za mzigo mkubwa kama ramani inaniruhusu, natumia petroli ileile itakayotumika kila siku maana oktani ikishuka uvumilivu nao unashuka, halafu naongeza digrii moja moja. Ikifika mahali nimeongeza na gari haijaongeza nguvu, narudi nyuma kidogo naacha hapo, hata kama haijagonga.